Nimefanya kazi kwenye kampuni changa na taasisi za utafiti: niielezeje safari hii?

Mhandisi wa Sinza
Wakuu, salaam. Mimi ni mhandisi wa programu. Nilihitimu hapa Dar es Salaam mwaka 2015, na tangu hapo nimeajiriwa sehemu nne: kampuni changa ya malipo kwa simu iliyofungwa kwa kukosa mtaji, mradi wa utafiti wa malaria uliokwisha pamoja na ruzuku yake, kampuni nyingine changa ya kusambaza bidhaa madukani, na sasa maabara inayokusanya sauti za Kiswahili ili kompyuta zifundishwe kutambua maneno. Wiki iliyopita, kwenye usaili, mmoja wa wasaili aliusoma wasifu wangu kisha akaniuliza nitatulia lini. Nilikosa jibu, na swali hilo halijanitoka. Mkataba wangu unaisha Juni, na mbele yangu kuna nafasi mbili: kampuni changa yenye mshahara wa wastani na ahadi ya hisa, na mradi wa miaka miwili wa taasisi ya afya. Naomba mnishauri namna ya kuieleza safari hii na namna ya kuchagua.

Fundi Mkongwe, Kijitonyama
Ndugu yangu, nimekaa upande wa wasaili kwa miaka kadhaa. Kuhama peke yake hakututishi. Tunaingiwa na shaka mwombaji anaposhindwa kueleza alichokiacha kikiendelea kufanya kazi. Mkataba ulioisha kwa sababu ruzuku imekwisha husomeka sawa na wa mtu aliyeacha kazi kwa hasira, iwapo umeandika tarehe tu. Andika sababu, sentensi moja kwa kila sehemu.

Mwangalie Guido van Rossum. Lugha ya kuandikia programu za kompyuta, Python, aliianza Desemba 1989 akiwa CWI, taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta iliyoko Amsterdam, na ikatoka kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1995 alihamia CNRI, taasisi ya utafiti ya Marekani. Mwaka 2000 yeye na wenzake wakaingia kampuni changa ya BeOpen, ambayo waliiacha mwaka huohuo. Akapita kampuni nyingine ndogo, kisha Google mwaka 2005, Dropbox mwaka 2013 na Microsoft mwaka 2020. Anayehesabu waajiri tu angemwona mtu asiyetulia, ilhali lugha aliyokuwa akiibeba ni ileile kwa miaka zaidi ya 30. Wewe nawe una uzi wako unaounganisha kazi zako zote, utafute.

Mama Takwimu, Mikocheni
Kaka, nimepita njia inayofanana sana na yako, na nadhani uzi huo upo kwenye yale uliyoyavusha kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwenye malipo, mtandao ukikatika baada ya mteja kubonyeza, simu hutuma ombi upya, na seva, yaani kompyuta inayopokea maombi, isipotambua kuwa ombi ni lilelile, mteja hukatwa fedha mara mbili. Dawa yake ni kila muamala kupewa namba yake ya pekee ndani ya simu kabla haujatumwa, ili seva ikiiona namba hiyo tena irudishe jibu la awali bila kukata chochote. Nilipohamia utafiti nilikuta vishikwambi vya wadadisi vikirudia kutuma hojaji kila mtandao ulipoyumba, na kaya moja ikahesabiwa mara mbili au tatu, huku watafiti wakifuta marudio kwa mkono kila mwisho wa mwezi. Maarifa yaleyale ya malipo yalilimaliza tatizo hilo.

Utafiti nao ulinifundisha jambo ambalo kampuni haikunifundisha. Mama wa kaya alisema huingia kwenye chandarua saa mbili usiku. Mdadisi akaandika 2, na mfumo ukaelewa saa nane usiku. Tofauti ya saa sita, kwenye ugonjwa unaoenezwa na mbu wa usiku, huharibu hitimisho zima. Tuligundua pale mchoro ulipoonyesha mtaa mzima ukikesha, na rekodi nyingi zikalazimika kuwekwa kando. Niliporudi kwenye kampuni, kitu cha kwanza nilichokagua ni saa za kupeleka mizigo.

Mhasibu wa Mbezi
Naongeza moja tu. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na makato yako hayapaswi kuzidi asilimia 10. Pensheni ya uzee hudai michango ya miezi 180, kwa hiyo kila unapohama hakikisha mwajiri wa zamani aliiwasilisha yote, na namba yako ya uanachama iwe ileile. Ahadi ya hisa isiyo kwenye maandishi usiiweke kwenye hesabu zako.

Mhandisi wa Sinza
Nawashukuru sana. Jana usiku niliuandika wasifu upya, na nikaona kwamba sehemu zote nne nilikuwa nikitatua tatizo moja: kumbukumbu zinazoandikwa mtandao usipokuwepo, kisha zifike zote na zifike mara moja. Hata sauti tunazorekodi sasa hukaa ndani ya simu hadi mtandao urudi. Asubuhi nimeiuliza taasisi ya afya nani atautunza mfumo ruzuku ikiisha, na wamenijibu kuwa wametenga fedha za mwaka mmoja zaidi. Kampuni nimeiomba iandike idadi ya hisa kwenye mkataba. Nitawasubiri hadi Ijumaa.