Dansi la barakoa Venice mwakani: tiketi ya chakula, tiketi ya usiku, au tuzurure tu San Marco?

MtotoWaPangani:
Wakuu, salaam. Mwakani mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Bibie kang'ang'ania Venice wakati wa kanivali, tena anataka dansi lenyewe la kwenye kasri, siyo kupiga picha na kurudi. Nimebaki na njia tatu. Kwanza, dansi kubwa lenye chakula cha usiku mezani. Pili, dansi hilohilo ila unaingia chakula kikishaisha, bei inashuka sana. Tatu, tuvae, tuzunguke uwanja wa San Marco bure, jioni tukanywe chokoleti pale mkahawa wa Florian. Ipi ina maana? Nataka kulipa wiki hii.

BintKisauni:
Umeficha kila kitu kaka. Mko wapi? Bajeti? Tarehe gani? Mnajua kucheza au mtaegemea ukuta? Wifi yetu anastahili maelezo zaidi ya haya.

MzeeWaTandale:
Na viza je? Kama mko Dar, ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima na ukinyimwa hairudi. Lipia dansi kwanza, ubalozi ukugomee, hilo dansi utalicheza Manzese.

MtotoWaPangani:
Samahani wadau. Tuko Munich, viza si tatizo, tutapanda treni. Kucheza ni rumba tu za harusini.

KakaPadova:
Nakaa Padova, nusu saa kwa treni. Ushauri wangu ni njia ya tatu, tena nausema kila mwaka. Kanivali ya Venice ni ya mitaani. Zamani barakoa zilikuwa za kumficha tajiri na maskini wasijulikane. Hata Ridotto, nyumba ya kamari iliyofunguliwa 1638, wachezaji walitakiwa kuvaa barakoa. Jamhuri ya Venice ikaanguka mbele ya Napoleon 1797, mambo yakafifia, mpaka wakaja kuifufua rasmi kuanzia 1979–80. Hayo madansi ya kasri ni biashara ya juzi tu. Nenda San Marco asubuhi mapema ukungu haujaondoka, utawaona wenye mavazi ya kushona mwenyewe miezi na miezi. Wengi ni Wafaransa na Wajerumani, na kupiga nao picha ni bure.

FundiCherehani:
Juzi kivipi? Dansi la Il Ballo del Doge la mbunifu wa mavazi Antonia Sautter lipo tangu 1994, sasa linafanyika kwenye jengo la Scuola Grande della Misericordia. Ni kweli tiketi za mezani zinafika maelfu ya yuro kwa kichwa, lakini kile ni kitu cha kuona mara moja maishani. Mleta mada, gharama inayosahaulika ni nguo. Madansi makubwa hawakuingizi na suti na kibarakoa cha plastiki. Wanataka mavazi ya kihistoria, mengi ya karne ya 18, na kukodi ni mamia ya yuro kila mmoja. Uende kupimwa siku moja kabla, usikubali kupimwa siku yenyewe.

Barakoa nakushauri bauta: nyeupe, kidevu kimechomoza mbele, juu kofia ya pembe tatu, mabegani joho jeusi. Kwa kuwa haigusi mdomo, unakula na kunywa bila kuivua. Shemeji asiguse moretta hata akiipenda: ile nyeusi ya mviringo inashikiliwa kwa kifungo unachokibana kwa meno, kwa hiyo mvaaji hasemi neno usiku kucha.

MzeeWaTandale:
Hiyo moretta inauzwa wapi? Naulizia rafiki.

MamaTorino:
Ngoja niwaeleze ya njia ya pili. Waandaaji siwataji. Tiketi yetu iliandikwa "jioni kamili", tukajua chakula kimo. Anwani ni jina la mtaa na namba ya tarakimu nne. Venice nyumba hazihesabiwi kwa barabara, zinahesabiwa kwa mtaa mzima, namba zinazofuatana zinaweza kuwa vichochoro tofauti kabisa. Simu inasema umefika, mbele yako mfereji. Gauni langu lina fremu nyongani, pana kuliko kichochoro, ikabidi nitembee kiubavu kama kaa, na mvua inanyesha.

Kufika mlangoni, binti mwenye orodha anasema meza zimejaa tangu wiki iliyopita, nyie ni wa dansi. Tukapewa glasi ya mvinyo wa prosecco na sahani ya galani, vile vikeki vyembamba vya kukaanga vyenye sukari ya unga, vimeshalainika. Ukumbi wa juu nakiri ulikuwa mzuri, dari limechorwa lote na mataa ya kioo cha Murano. Lakini minueti, dansi la kizamani la watu wawili wawili, ilichezwa na wachezaji wa kulipwa, sisi tumesimama pembeni kwa kamba. Walipomaliza tu, disko. Mume wangu anavaa miwani, barakoa yake ni ya kufunika uso wote, vioo vikajaa mvuke, usiku mzima namshika mkono. Kwenda chooni nilihitaji watu wawili wa kunishikia gauni. Nikaandika kudai pesa, nikajibiwa kwa adabu sana kwamba masharti yapo kwenye tovuti.

Kwa hiyo: ukilipa, lipa ya mezani, na wakuandikie kabisa kiti namba ngapi.

KakaPadova:
Si nilisema.

FundiCherehani:
Hukusema hivyo, ulisema dansi lote ni biashara. Mama kasema lipa ya mezani. Tofauti.

Ukhti_Birmingham:
Kaka Pangani, kama mnafunga angalieni kalenda. 2027 Jumanne ya mwisho ya kanivali ni 9 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu 8, mwezi ukiandama. Jumamosi ya tarehe 6 ndiyo yenu. Na ulizeni nyama kabla, nguruwe wanamtia hata pasipotarajiwa.

MtotoWaPangani:
Shukran ukhti, hilo sikuliwaza kabisa! Basi tarehe 6. Mimi nataka ile ya mdomo wa ndege, ya daktari wa tauni.

MzeeWaTandale:
Hiyo ndiyo ya asili yenyewe, madaktari wa Venice walizunguka nayo kanivali.

KakaPadova:
Mzee, hapana. Vazi hilo kwa kawaida huhusishwa na Mfaransa, Charles de Lorme, karne ya 17, na lilikuwa la kazi, mdomo umejazwa majani yenye harufu. Nani avae nguo ya tauni kwenye sherehe wakati tauni ipo? Limekuja kuwa la kanivali baadaye. Na nyingi za vibandani ni plastiki ya kiwandani. Ingia karakana wanayotengeneza kwa karatasi na gundi juu ya kalibu, uiguse ndani: utaona tabaka za karatasi.

MzeeWaTandale:
Kwa hiyo hawakuvaa kabisa? Lete ushahidi.

BintKisauni:
Mimi ningeachana na Venice, ningekwenda Ivrea, huko Piemonte. Timu za miguu na timu za magari ya farasi zinatwangana kwa machungwa, Jumapili mpaka Jumanne. Usiyetaka kupigwa unavaa kofia nyekundu.

MamaTorino:
Ivrea ni karibu na kwangu. Kofia ni ya heshima tu, chungwa halina macho. Vaeni viatu mtakavyovitupa, barabara yote inakuwa uji wa machungwa na mavi ya farasi.

MtotoWaPangani:
Nimemsomea bibie hii ya machungwa, anacheka hajibu. Watoto wanaruhusiwa?

MzeeWaTandale:
Kumbe kuna watoto?