Tupeane uzoefu: Uliyepungua bila dayeti, ulianza na nini?

Mhasibu wa Mamboleo
Wapendwa, hii mada si ya ratiba za chakula. Ratiba ziko tele: supu ya kabichi siku saba, maji ya ndimu na tangawizi, yai asubuhi na tango jioni. Kila Januari hapa Kisumu ofisi yetu nzima huwa na chupa za maji ya kijani juu ya meza, na Pasaka ikifika tumesharudi kwenye mandazi ya yule mama wa pale chini. Nataka kusikia waliofuata afya kwanza, uzito ukaja nyuma, kama ulikuja.

Nianze mimi. Nilienda kliniki kwa sababu ya kichwa, nikapimwa presha ikawa 152 kwa 96. Wakaniita wiki iliyofuata wakarudia, bado iko juu. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa "mama, punguza kilo," maana ndio wimbo wa miaka yote. Yule daktari, kijana tu, akaniuliza nalala saa ngapi, chumvi naionja au naimwaga, na kazini naenda kwa usafiri gani. Nalala saa saba usiku na simu mkononi. Chumvi namwaga. Kazini naenda kwa bodaboda, geti hadi geti. Akaandika dawa, kisha hayo matatu akayaandika chini yake kwa kalamu ileile. Mzani hakuutaja.

Nilianza na usingizi kwa sababu ni wa bure. Simu inachajiwa sebuleni. Kilichonishangaza ni kwamba ile njaa ya saa nne usiku, ya kwenda kutafuta mkate jikoni, ilikwisha yenyewe. Chumvi ilikuwa kazi zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai hivi, na humo humo uhesabu iliyo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Jioni sasa natembea kutoka mjini hadi Kondele jua likiwa limepoa, ndipo napanda matatu ya Mamboleo.

Nguo zilianza kulegea kabla sijajua. Nyinyi je? Wauza chai na vidonge, tafadhali mpite mbali.

Dere wa Nax–Kisumu
Dada, mimi ni dere, Nakuru–Kisumu kupitia Kericho. Kazi yangu ni kukaa. Kitambi kilikuwa kinagusa usukani na sikujali, maana huku dere asiye na kitambi abiria wanadhani ni konda ameshika gari.

Aliyenipeleka hospitali ni mke wangu. Nilikoroma hadi watoto wakahama chumba, halafu katikati ya mkoromo pumzi inakata, kimya, kisha nashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Mchana nasinzia kwenye foleni. Wakuu, dere anayesinzia hilo si suala la urembo. Daktari akaeleza kwamba njia ya hewa inajifunga usingizini, na unene wa shingo unachangia.

Sasa ili nisisinzie nilikuwa natandika soda, moja Kericho, nyingine Ahero. Soda ya nusu lita ina sukari karibu gramu 50, na hapo ndipo mtu mzima anatakiwa akome kwa siku nzima, ikiwezekana aishie nusu yake. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimemaliza sukari ya siku kabla hata sijaiona Awasi. Siku hizi nina jerikeni ndogo ya maji nyuma ya kiti. Konda analalamika kwamba gari linasimama sana, namwambia ashuke na yeye anyooshe miguu. Na stejini tukisubiri abiria sikai tena ndani, nazunguka gari mpaka lijae. Watu wanadhani nakagua tairi.

Mkanda umerudi matundu mawili. Mzani sijapanda na sina haraka nao. Mkoromo umepungua, haujaisha, na kliniki bado naenda kwa ajili hiyo.

Mwalimu wa Shinyalu
Mulembe wote. Mimi nilianza na sahani, na sikuondoa kitu. Niliongeza. Nyumbani kwangu ugali ulikuwa mwingi na mboga ya kusindikizia tu, sukuma ileile Jumatatu hadi Jumatatu. Nikarudi kwa mboga za mama: mrenda na kunde, mnavu, susa, mitoo, sagaa.

Vijana wengi wanaikimbia sagaa kwa sababu wameilia hotelini ikiwa imepikwa kwa haraka. Sagaa chungu hailiwi siku ya kupikwa. Unaichemsha, unamwaga maji, unaitia maziwa, inalala. Kesho unaipasha polepole na kuiongeza maziwa mengine, na uchungu unabaki ule mdogo unaotakiwa. Mrenda nao unataka magadi ulainike. Hapo wenye presha mniskize: magadi yana sodiamu, ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye chumvi, kwa hiyo mkono uwe mwepesi, na ukishatia magadi usirudie kumwaga chumvi.

Mpango wangu ni nusu ya sahani mboga, robo ugali, robo kitu cha kujenga mwili: omena, kuku, maharagwe, yai. Mwanzoni ugali sikuupunguza. Mboga ilipojaa, ugali ukaanza kubaki wenyewe, na mbwa wangu ndiye aliyenenepa.

Mzee wa Free Area
Mwalimu, ni huo ugali wa wimbi ndio unapunguza?

Mwalimu wa Shinyalu
Hapana, mzee wangu. Wimbi una nyuzinyuzi kuliko sembe iliyokobolewa, kwa hiyo unashiba mapema na njaa inachelewa. Lakini bonge kubwa la wimbi bado ni bonge kubwa.

Mzee wa Free Area
Basi mniwie radhi, vijana. Mwili unahesabu. Ukila kuliko unachotumia utanenepa, mengine ni porojo. Mimi nilipungua kwa kujinyima, usiku papai peke yake, na zilitoka kilo kumi na mbili.

Mhasibu wa Mamboleo
Shikamoo mzee. Na sasa hizo kilo ziko wapi?

Mzee wa Free Area
Marahaba. Zimerudi na wageni. Lakini zilitoka!

Sista wa Section 58
Nimecheka hadi mgonjwa ameniuliza kuna nini. Lakini mzee ana hoja, tusimpite tu. Hesabu ya chakula ipo, hakuna mwili unaoikwepa. Shida ni kwamba mwili ukinyimwa ghafla haukai ukitazama.

Kuna jaribio lililofanywa Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, 1944 hadi 1945. Vijana wanaume 36, wazima wa afya, waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani yao, walijitolea kuwekwa nusu njaa kwa miezi sita. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Ila wakawa wanahisi baridi wakati wote, mapigo ya moyo yakashuka, hamu ya kila kitu ikaisha isipokuwa chakula. Walikuwa wanakiota. Baadhi yao walikaa wakisoma vitabu vya mapishi. Walipofunguliwa, wengine walikula bila kujua shibe iko wapi. Hao walikuwa na madaktari kila siku pembeni. Sasa wewe peke yako na papai lako Free Area, mzee wangu, utashindana na mwili kama huo hadi lini?

Ndiyo maana hapa kliniki naanzia kwa usingizi, kutembea, sukari ya kunywa na pombe. Mtu akilala kidogo, homoni inayoleta njaa hupanda na inayoleta shibe hushuka, kwa hiyo dada wa Mamboleo hakuota kuhusu ule mkate. Kutembea lengo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukupandisha pumzi kidogo, na siku mbili za kuwapa misuli kazi. Kubeba maji na kulima kunahesabika, msidanganywe kwamba ni lazima jim.

Na kama mnataka kipimo, chukueni utepe wa fundi nguo mpime kiuno, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, bila kubana tumbo. Mwanamke akipita sentimita 80, mwanamume 94, hapo ndipo hatari ya moyo na sukari inaanza kupanda, hata kama mzani unamsifu.

Binti wa Kanduyi
Sista, mimi nilifanya hayo yote na nikazidi kunenepa. Nilitembea, nililala, soda nikaacha. Watu wakasema nakula kwa siri. Mama yangu mwenyewe alikuwa anahesabu chapati. Nilikuwa naona baridi mchana wa Bungoma, mnajua jua la Bungoma lilivyo, nywele zinatoka, choo kigumu, uchovu wa kulia. Kuna mahali nilienda nikaambiwa niache uvivu, wala hawakunipima kitu.

Daktari mwingine ndiye aliyechukua damu. Tezi ya shingoni ilikuwa imezembea. Sasa nameza kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula, na chai inasubiri. Uzito umeshuka kiasi, si wote, lakini siku hizi naamka nikiwa mtu. Ninachoomba ni kimoja: mkimwona mtu amenenepa ghafla, msianze na sahani yake.

Mhasibu wa Mamboleo
Pole sana, mdogo wangu. Hii ingefaa kubandikwa juu kabisa.

Mama Samaki, Nyalenda
Mimi kilo zangu ziko palepale, labda moja au mbili zimepotea njiani. Nakaanga samaki, mgongo wazi na mbuta, jioni nauza. Nina sukari. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilikuwa asilimia 9.2, sasa ni 7. Daktari alifurahi kunishinda.

Nilichobadilisha ni chai na kuonja. Chai nilikuwa nakunywa pale motoni siku nzima, sukari vijiko vitatu kila kikombe, na sikuwahi kuiita chakula. Kuonja ndio balaa: mkia huu umeiva, kipande hiki kimevunjika hakiuziki, basi kitie mdomoni. Sasa vilivyovunjika nawapa vijana wa mkokoteni, na wateja wameongezeka, maana wale vijana wana midomo. Asubuhi kwenda Dunga kuchukua samaki naenda kwa miguu, kurudi napanda boda kwa sababu ya beseni.

Lakini niwaambie ukweli. Kukonda sikutaka. Huku kwetu mwanamke akipungua, hawaulizi umefanyaje, wanauliza ameanza kumeza dawa gani. Dada yangu alipungua kwa kutembea tu, tukaenda matanga kule Nyando, shangazi akamshika mkono mbele za watu akaanza kulia. Alirudi nyumbani akala kwa hasira hadi Krismasi.

Dere wa Nax–Kisumu
Mama, hiyo ya shangazi imenifika. Mimi stejini wananiuliza kama biashara imekufa.

Sista wa Section 58
Mama Samaki, kutoka 9.2 hadi 7 ni kazi kubwa. Macho, figo na miguu yako inakushukuru, na wala haijauliza kilo. Ila nawe dada wa Mamboleo na wenzako: presha ikishuka msijiachishe dawa. Huenda imeshuka kwa sababu ya hizo dawa. Anayepunguza ni daktari. Na kama kliniki ni mbali, ulizieni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Mifuko waliyopewa mwaka 2023 ilikuwa na mashine ya presha na kipima sukari. Anaweza kukupimia mlangoni.

Wa London, Nakuru
Sisi ni kundi la kina mama, Jumamosi tunapanda Menengai. Ni zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, pumzi inakutafuta. Tunaenda wengi kwa sababu msituni si pa kwenda peke yako. Hakuna anayemuuliza mwenzake kilo, hiyo ndiyo sheria, na ndiyo sababu kundi halijavunjika kama yale ya shindano la kupungua. Tatizo ni tukishuka. Kuna moshi wa nyama choma pale barabarani unaotushinda sote na mwenyekiti akiwemo.

Msomaji wa Luanda
Samahani, ile chai ya kupunguza tumbo inayouzwa kwenye matatu, mbona jirani yangu imemsaidia?

Sista wa Section 58
Nyingi ya hizo zina majani ya sena, dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na choo. Mafuta yako palepale. Ukiitumia kwa muda mrefu unapoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kupiga vibaya. Mwambie jirani apime kiuno, asipime kwa safari za chooni.

Soja wa Lanet
Nimesoma kimya tangu juu. Mimi nalinda geti usiku, saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili. Mchana nalala chini ya mabati yanayowaka na watoto wa ploti wakicheza mpira mlangoni. Hayo ya usingizi mnayosema nitayapatia wapi?

Dere wa Nax–Kisumu
Ndugu yangu, usiku naujua. Tundika blanketi nzito dirishani, giza linasaidia kuliko unavyodhani. Lala mara tu ukifika, kabla mabati hayajashika moto, usianze kufua. Chakula kikubwa kula kabla ya zamu, usingoje usiku wa manane. Na pale getini zunguka ukuta kila saa, si ndiyo kazi yenyewe? Usiku unakunywa nini?

Soja wa Lanet
Chai ya saa tisa, la sivyo nitalala.

Dere wa Nax–Kisumu
Sukari vijiko vingapi?

Soja wa Lanet
Vinne. Na mandazi mawili.

Dere wa Nax–Kisumu
Mandazi wewe endelea nayo kwanza. Wiki hii tushughulike na vijiko.