Nyinyi mnaosimama mwisho wa leni ya kuingilia Thika Road, mnangoja nani awakaribishe?

Wadau, nina hasira na sitaificha. Alhamisi usiku nimegongwa kwa nyuma nikiwa na mama yangu mzazi ndani ya gari, na aliyesababisha hakupata hata mkwaruzo. Alienda zake. Sidhani hata anajua kulitokea nini.

Ilikuwa saa nne hivi, tunatoka matangani Zimmerman, tunaingia Thika Road kuelekea Ruiru. Anayeipita barabara hiyo anajua saa nne usiku si saa kumi na moja jioni. Jioni sote tunatambaa, unachomeka pua, unapunga mkono, mtu anakuachia. Saa nne barabara imefunguka. Magari madogo yanaruhusiwa kilomita 100 kwa saa na wengi hawaishii hapo. Mabasi, ambayo tangu zile sheria za waziri Michuki za 2004 yanapaswa kufungwa vidhibiti mwendo yasizidi 80, yanakupita kama umeegesha.

Gari langu ni Passo, kigari cha injini ya lita moja. Tulikuwa watu wazima wanne, na kwenye buti sufuria mbili kubwa tulizokuwa tumewaazima wafiwa. Najua pumzi ya gari langu, kwa hiyo nilianza kukanyaga mafuta mapema, tangu tunaiacha njia ya pembeni. Indiketa ya kulia inawaka, nimeangalia kioo, nimegeuza na shingo, nimeiona nafasi yangu nyuma ya lori la kokoto. Mshale umefika 65 na bado unapanda.

Mbele yangu kuna Prado ya dizeli, yenye turbo ya kusukumia injini hewa, gari ambalo ukiligusa tu linaruka. Likawasha taa za breki. Nikadhani anapunguza kidogo. Wapi! Likasimama kabisa, mwisho wa leni, indiketa inapepesa, dereva ametulia kama anasubiri kuhudumiwa benki.

Nilifunga breki mpaka sufuria zikaja kugonga mgongo wa kiti. Nikasimama labda mita moja nyuma yake. Probox iliyokuwa nyuma yangu haikubahatika hivyo. Bampa imepasuka, taa ya kushoto imekwisha, mama analalamika shingo mpaka leo. Na yule kijana wa Probox anashuka ananiambia, "Mathe, mbona umefunga breki leni ya kuingilia?" Nilitaka kulia. Kwa sababu alikuwa na haki ya kuuliza! Hilo ndilo swali langu pia, ila wa kuulizwa alikuwa ameshapata nafasi yake na kupotelea Githurai.

Sasa nisikilizeni, hasa nyinyi mnaojiita madereva waangalifu. Ile leni mliwekewa ya nini? Ni ya kukimbilia. Ukitoka njia ya pembeni na 40, unapewa kipande cha barabara chako peke yako ili ukifika mwisho uwe unakaribia mwendo wa wale unaowaingilia. Ukiingia na 80 na aliye nyuma yako yuko 100, anakukaribia mita tano na kitu kila sekunde. Ana muda wa kukuona na kuachia mafuta. Ukianzia sifuri, yeye anakula karibu mita 28 kila sekunde na wewe ndio kwanza unatafuta gia. Nimejipima na kaka yangu kwa saa ya simu: Passo ikibeba watu wanne inachukua kama sekunde 13 kutoka kusimama mpaka 80. Wa nyuma kwa muda huo ameshamaliza zaidi ya mita 350. Hata ukitoa mita ulizosogea wewe, nafasi inayobaki kuhitajika unaipata wapi pale, labda siku ya Krismasi asubuhi?

Kwa hiyo ukisimama "kwa usalama", umejihukumu kuingia kwa njia mbaya kuliko zote. Na waliokuwa nyuma yako umewahukumu pia, maana kipande chao cha kukimbilia umekikalia wewe.

Halafu kuna hii ya "gari langu ni dogo". Ni kweli, na Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hapa inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu ilizokuwa nazo Mombasa. Shemeji yangu wa Nyali, Mombasa, alikuja na Vitz yake akaapa kwamba mafuta ya huku yamechakachuliwa. Nikamwambia shemeji, ni hewa, pole. Lakini udhaifu wa gari ndio sababu ya kuanza mapema! Zima AC kabla hujafika. Zima kile kitufe cha eco, cha kubana mafuta. Kanyaga mpaka chini, na giaboksi hizi za CVT, otomatiki zisizo na gia za hatua, zikianza kunguruma kabla gari halijachangamka usiogope ukaachia. Hiyo kelele ndiyo kazi yenyewe, hujaua injini. Watu wanayaonea huruma magari yao mahali pasipofaa.

Nikiwa mkweli, sijui tungejifunzia wapi. Mimi shule ya udereva nilisukuma kigari cha kuchezea kwenye ubao wa mji wa kuigiza, nikajibu maswali ya kuzunguka raundiabauti mpaka nikayaota, na gari la mafunzo halikuwahi kuvuka 40. Barabara ya kasi niliingia mara ya kwanza peke yangu, na leseni mfukoni, moyo uko kooni.

Matatu sijazisahau. Leni hiyo hiyo imegeuzwa stegi, makanga amesimama katikati anaita Githurai, abiria wanashuka kwa upande wa magari. Hapo hata ukitaka kukimbia unakimbilia wapi? Unapewa mita 20 zilizobaki mbele ya matatu na unaambiwa uruke. Hilo ni la uzi mwingine, nikianza sitalala.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Anayesema mimi ndiye nilikuwa karibu mno na Prado, ndiyo, nakubali kiasi. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha kulia kuliko mbele, na siku hizi nasubiri wa mbele aingie kwanza ndipo nikanyage. Ila hilo halimpi yeye ruhusa ya kusimama.

Na wewe unayeuliza kwa nini nisipande Expressway, ile barabara ya kulipia: ndugu, ile inatoka Mlolongo kwenda Westlands. Nifikeje nayo Ruiru?

Mwenye kujua bampa ya nyuma ya Passo ya 2014, rangi ya fedha, pamoja na taa ya kushoto, anidokeze bei ya haki kabla sijashuka kwa wauza spea wa Grogan Jumamosi.