Risasi za ncha ya tundu kwa 9 mm yenye mtutu mfupi: greni 115, 124 au 147?

Kipima_Kina aliuliza:
Wakuu, bastola ni 9 mm, mtutu inchi 3.1. Leseni ipo na sheria ya ninapoishi inaruhusu risasi za ncha ya tundu (zenye shimo mbele ili zipanuke zikigonga). Mazoezini natumia zile za kawaida za ncha ya duara, greni 115 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi). Kwa kujilinda nyumbani nichukue uzito gani? Na hizi zilizoandikwa +P (zenye mgandamizo mkubwa kuliko za kawaida) zina faida?

Mtutu4:
Mkuu, kasi iliyoandikwa kwenye boksi isikuteke. Mara nyingi imepimwa kwa mtutu wa inchi 4 au zaidi. Wako utatoa pungufu, na risasi ya ncha ya tundu ikikosa kasi haichanui, yaani haifunguki na kupanuka. Angalia kina inachopenya. Miami mwaka 1986, maajenti wa FBI (wapelelezi wa Marekani) wakipambana na majambazi, risasi yao ya 9 mm ilichanua vizuri tu, ila ikaishia kabla ya kufika moyoni mwa jambazi. Baada ya hapo FBI wakaweka kipimo: inchi 12 hadi 18 ndani ya jeli ya asilimia 10 (inayotumika badala ya nyama ya mwili). Isiyofika 12, iache hata ikichanua kama ua.

Tafuta pia matokeo ya jeli iliyofunikwa tabaka nne za kitambaa cha jinzi, kwa mtutu unaokaribia wako. Nyuzi huziba tundu, risasi haichanui, inapita kama ya kawaida. HST, risasi ya ncha ya tundu ya kampuni ya Federal, ya greni 124 au 147 ni pa kuanzia. Speer nao wana Gold Dot ya mitutu mifupi, greni 124, lakini hiyo ni +P.

Springi_Kaza:
Kuhusu +P: mgandamizo wa juu wa 9 mm ya kawaida ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35,000, +P ni 38,500. Kwenye bastola ndogo utalipia kwa teke, mwako na springi kuchoka mapema, na unachelewa kurudi kwenye shabaha kwa risasi ya pili. Kama kitabu cha bastola hakiiruhusu, mjadala umekwisha.

Chemba_Safi:
Mimi naona uzito ni nusu tu ya kazi. Piga angalau 100 za aina uliyochagua, ukitumia magazini zote, hasa risasi ya kwanza magazini ikiwa imejaa kabisa. Tundu pana hugonga mteremko wa kuingilia chemba, bastola inakwama. Ikikwama tena baada ya kusafisha na kubadili magazini, badili risasi. Kisha nunua za mazoezi za uzito huohuo, ili zilenge palepale.

Na ukipakua bastola kila jioni, usirudishe risasi ileile chemba. Kila ikigonga, kichwa kinazama kidogo ndani ya ganda na mgandamizo unapanda. Ilinganishe na mpya ya boksi lilelile kwa kalipa (kifaa cha kupima urefu). Ikiwa fupi, usiipige.

Kipima_Kina:
Na kuta? Nasikia hizi hazipenyi.

Mtutu4:
Zinapenya. Ubao wa jasi wa kuta za ndani huziba tundu kama jinzi, na ukikosa shabaha risasi inaingia chumba cha pili ikiwa nzima. Panga mapema upande usiolala mtu.