Dekea mnanawisha watoto 14 kwenye beseni moja, wakiharisha mnatuambia ni meno

Wakuu habari za usiku, mimi zangu siyo nzuri. Naandika mtoto yuko mapajani, ndo kwanza kapata usingizi, toka juzi usiku ni kutapika na kuharisha mpaka macho yameingia ndani. Ana mwaka na miezi nane tu. Jana tumeshinda zahanati, dokta kamvuta ngozi ya tumbo ikakaa vile vile haikurudi, dalili ya kuishiwa maji mwilini, nilitetemeka. Kapewa ORS na zinki ya siku 10, namnywesha kijiko kijiko maana akipiga funda kubwa anarudisha yote.

Watoto kuumwa kupo, najua. Kinachoniuma ni kwamba dekea, kituo anakoshinda mchana nikiwa kazini, WALIJUA. Jumatatu kuna mtoto katapika kwenye mkeka, Jumanne karudishwa kama kawaida na wakampokea, mpaka Jumatano walikuwa wanaumwa watano na hakuna mzazi hata mmoja aliyepigiwa simu. Nimeambiwa na dada mmoja wa pale tena kwa kunong'ona, anaogopa kibarua chake. Nikampigia mwenye kituo ananijibu eti hayo ni meno mama, ndo umri wao. Meno ya watoto watano yanaota wiki moja?

Leo mchana nimemwachia bibi yake mtoto nikaenda kuchukua nguo zake, sikutoa taarifa. Nimekuta muda wa kula. Beseni moja la bluu, maji yameshakuwa rangi ya chai ya maziwa, watoto wamepanga foleni kila mmoja anachovya mikono anatoa, wanafutwa na taulo moja hilo hilo limelowa chapachapa, wanakaa wanakula kwa mikono. Pembeni dada anabadilisha nepi juu ya mkeka wa kulalia, akamaliza akajifuta kwenye kanga akaenda kugawa vijiko vya uji. Simlaumu sana yule binti, wako wawili kwa watoto 14 na hakuna aliyewafundisha. Ila mlangoni wametuwekea chupa ya sanitaiza, sisi wazazi tunapaka tunajua pasafi, na dokta kaniambia virusi vya kutapika hivi, noro, sanitaiza haiviwezi vizuri, dawa yake ni sabuni na maji tiririka.

Na kabla hamjaniuliza chanjo, ya rota kapata dozi zote kadi ninayo, lakini ile inakinga rota, kirusi kingine cha kuharisha, haikingi noro wala uchafu wa kwenye beseni.

Jamani maji tiririka siyo gharama. Ndoo yenye koki tu inatosha, kama hakuna hela basi kibuyu chirizi, dumu la lita 5, kamba na kijiti cha kukanyagia, shule za vijijini wanavyo nyie mnaochukua laki na ishirini kwa mwezi mnashindwa? Matapishi mnadeki kwa sabuni ya unga wakati Jik, ile dawa ya klorini, inauzwa kila duka, ile ya asilimia 3.5 unachanganya kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, unafuta uchafu kwanza ndo unamwaga pale unaacha dakika kumi. Na mtoto anayeumwa akae kwao mpaka masaa 48 yapite tangu atapike au aharishe mara ya mwisho, siyo akishaanza kucheka tu analetwa. Wazazi wenzangu na hili letu pia, najua kazini ruhusa hawatoi, mimi mwenyewe leo nimekatwa siku, ila ukimleta anaharisha unatuletea wote.

Cheti cha usajili kimebandikwa ukutani pale. Jumatatu asubuhi naenda kwa afisa ustawi wa jamii na picha ya lile beseni. Kuna aliyewahi kupeleka malalamiko kama haya? Wanataka barua au unaongea tu, na bwana afya wa kata naye nimwone siku hiyo hiyo au nisubiri ustawi wanielekeze?