Mnunuzi wa nje akitaka hisa 60%, nani anaidhinisha?

Mwanaujiji: Wakuu, kampuni ya intaneti hapa Kigoma mjini ina leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania). Mgeni anataka 60%. Wakishasaini, biashara imeisha? Na nasikia Uingereza serikali hutengua mauzo kabisa.

Mzee wa Mikataba: Haijaisha, mkuu. Kwanza TCRA, maana umiliki unabadilika. Pili Tume ya Ushindani, FCC: jumlisha mauzo ya mwaka au mali za pande zote mbili, zikifika shilingi bilioni 3.5, mnatoa taarifa kabla ya kukabidhiana. Wengi hukosea hapa, wanahesabu kampuni ndogo tu na kumsahau mnunuzi.

Reli ya Kati: Kutengua ni kweli. Sheria yao ya 2021 ya kulinda usalama wa taifa kwenye uwekezaji ilianza 4 Januari 2022: sekta nyeti 17, zikiwemo akili mnemba na mawasiliano; ukivuka 25% ya hisa lazima utoe taarifa serikalini kwanza, la sivyo mauzo ni batili. Hata mauzo ya kabla ya hapo yaliguswa: Nexperia, kampuni ya chipu ya Uholanzi, ilinunua kiwanda cha chipu cha Newport, Wales, Julai 2021. Novemba 2022 ikaamriwa iuze angalau 86%.

Mwanaujiji: Na malipo?

Mzee wa Mikataba: Andikeni sharti: hela haitoki, wala nywila za mitambo, mpaka vibali vyote vitoke.