Simu ina intaneti, kompyuta haina: huduma kwa wateja, acheni kutuambia tuzime simu na kuiwasha

Wakuu, salaam. Nina steshenari ndogo hapa Mwanjelwa, Mbeya, na uzi huu nauandika nikiwa nimekasirika kweli. Kampuni ya simu ninayotumia inaniuzia bando la mwezi na kuchukua fedha yote mapema, lakini nikiwasha hotspoti ili kushea intaneti ya simu, kompyuta inaunganishwa na simu vizuri, halafu inaandika kwamba hakuna intaneti. Simu yenyewe, kwa laini hiyohiyo na wakati huohuo, inafungua video bila kukwama.

Kila nikipiga huduma kwa wateja naambiwa nizime simu na kuiwasha. Hatua hizo nilishazipita zamani. Kiokoa data kimezimwa, VPN (programu inayopitisha intaneti kwenye seva nyingine) haipo, na hotspoti nimeiweka kwenye masafa ya 2.4 GHz kwa sababu kompyuta nyingi za zamani haziioni ile ya 5 GHz. Nimeunganisha hata kwa waya wa USB, ambao hauhusiani na Wi-Fi, tatizo likabaki palepale. Mwishowe nikatoa laini hiyo, nikaweka ya kampuni nyingine katika simu ileile, na ukurasa wa maombi ya mkopo wa mwanafunzi aliyekuwa amesimama mbele yangu ukafunguka papo hapo. Simu ni nzima na kompyuta ni nzima. Kasoro iko kwao.

Naona kuna mawili. Ama mipangilio ya APN (ile inayoiunganisha simu na intaneti ya kampuni) wanayotutumia haina aina ya "dun", ambayo baadhi ya simu za Android huihitaji ndipo data ipite kwenda kifaa kingine, ama wamezuia kushea kwa makusudi. Hiyo dun nimeiongeza mwenyewe kwenye sehemu ya aina ya APN, baada ya maneno default na supl yaliyokuwepo, nikahifadhi, bila mafanikio. Linabaki la pili, nalo ndilo linaloniudhi, kwa kuwa kwenye menyu ya kununua bando hapajaandikwa popote kwamba GB hizo ni za simu peke yake. Kumwambia mtu aliyelipa nauli kutoka Uyole arudi kesho, huku dirisha la maombi likikaribia kufungwa, ni kumtia hasara.

Nimewaandikia wafungue hotspoti au warudishe fedha yangu. Wakikaa kimya, napeleka malalamiko ofisi ya kanda ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) hapa Mbeya. Aliyekutwa na hili, awe Mbeya, Njombe au Iringa, naomba aandike aina ya simu yake na kama APN yake ina dun, niambatanishe kwenye barua.